Tuisheni na Kiingereza cha Kukariri

Miongoni mwa desturi zilizoota mizizi katika elimu yetu ni masomo ya ziada ya kulipia, ambayo wanafunzi huyaita tuisheni. Husemwa kwamba tuisheni humpa kijana Kiingereza cha kumvusha katika mtihani wa Kidato cha Nne. Dai hilo lastahili kupimwa, nasi tutalipimia Kibiti na delta ya Rufiji.

Mtoto wa Salale au Kiongoroni husoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Aingiapo Kidato cha Kwanza, karibu masomo yote hugeuka kuwa ya Kiingereza. Mtoto huyu amekulia penye mikoko; hachanganyi mchu na mkandaa, na ajua ni mti upi utoao boriti nzuri. Ameuona mto ukishusha tope, ukizaa ardhi hapa na kuziba mkondo kule. Katika somo la jiografia huulizwa delta hutokeaje, naye hunyamaza. Kilichokosekana hapo si maarifa.

Je, tuisheni huufanyia nini ukimya huo? Aghalabu huufunika tu. Mwalimu huandika ubaoni maswali ya mitihani iliyopita pamoja na majibu yake, wanafunzi wakanakili na kukariri. Mtahini akiligeuza swali kidogo tu, jibu lote hupotea, kwa kuwa mwanafunzi alihifadhi sauti za lugha, wala hakujifunza lugha yenyewe. Tena hata bidhaa hiyo hafifu haiwafikii wote. Kibiti mjini, kandokando ya barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara, mzazi mwenye chochote aweza kumpata wa kumfundisha mwanawe jioni. Huko deltani, ambako safari hungoja maji yajae, mwalimu wa jioni atatoka wapi? Ada ya shule za sekondari za Serikali hadi Kidato cha Nne ilifutwa mwaka 2016. Ada hii nyingine imeingia kwa mlango wa uani.

Walimu hawana budi kuishi, na si wao walioanzisha tatizo hili. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia katika sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 Criper na Dodd, wataalamu kutoka Uingereza, waliona kwamba wanafunzi wengi hawakielewi Kiingereza wanachofundishiwa, na bado wakashauri kiendelee. (Ushauri wa ajabu, lakini ndio uliofuatwa.) Tuisheni imestawi katika pengo hilohilo.

Hata hivyo, mwalimu makini aweza kuitumia saa yake ya jioni vingine. Ayaweke kando majibu ya kunakili. Amwache mwanafunzi aeleze kwa Kiswahili jinsi tope la Rufiji linavyozaa kisiwa, kisha waitafute pamoja sentensi ya Kiingereza, neno kwa neno, hata kama jioni nzima itapatikana moja tu.