Majina ya Walioachwa Nyuma

Kila tukimaliza sehemu moja ya The Rings of Power na vijana wa kikundi chetu, lazima mmoja aseme: mwisho tunaujua, Sauron atatengeneza pete, vita itatokea, sasa tunakaa hapa kwa nini? Ndiyo lawama wanayopewa hadithi zote za kabla. Tamthilia hii ya Amazon ilianza mwaka 2022, na mambo yake yanatokea maelfu ya miaka kabla ya zile filamu za The Lord of the Rings (2001–2003). Mimi sioni shida. Kila mtu hapa kambini anajua vita ya kwao ilimfikisha wapi, na bado tunawauliza wazee ilianzaje.

Malalamiko mengine ni ya haki: inaenda polepole, na karne nyingi za vitabu vya Tolkien zimebanwa zikawa kama miaka michache. Ila nakataa wanaposema Harfoot ni wanafiki.

Harfoot ni watu wafupi wanaohamahama. Wanajisifu kwamba hawaachani. Lakini Largo, baba yake Nori, anapoumia mguu, familia yake inawekwa mwisho wa msafara, na wote wanajua maana yake. Kabla ya safari mzee Sadoc anasoma kitabuni majina ya waliobaki njiani miaka iliyopita. Mashabiki wakauliza: mnawaachaje halafu mnawalilia? Jamani, nani aliyetembea porini na mgonjwa asielewe hilo? Siku ile mama mmoja alikuja kumfuata mwanae, akasimama mlangoni mpaka majina yakaisha.

Familia ya Poppy imo katika majina hayo, na ni Poppy huyo huyo anayeimba wimbo wa safari kwenye sehemu ya tano. Muziki wa kufungulia tamthilia ni wa Howard Shore, yule wa filamu za zamani, na wapo waliotamani atunge wote. Uliobaki katika msimu huo ni wa Bear McCreary. Kwenye vita ananichosha, kwaya na ngoma juu ya kila upanga. Lakini wimbo wa Poppy unaanza na sauti moja tu, vyombo vinaingia taratibu huku msafara ukitembea, na huoni aibu kulia. Ukiangalia filamu ya kutafsiriwa, DJ anaongea juu ya muziki. Hii tafuteni ya asili, hata kama Kiingereza kinawapiga chenga.

Halafu kuna maorki. Kiongozi wao Adar anawatafutia nchi yao wenyewe, na wanaipata: mlima unalipuka, Southlands inageuka Mordor, na wenyeji wanakimbia kwenye majivu kuelekea Pelargir. Msimu wa pili (2024) ulipomwonyesha orki na mke na mtoto mchanga, mashabiki wengi walikasirika, eti orki hawezi kuwa na familia. Kwetu ubishi ulikuwa mwingine. Kijana mmoja alisema waliotufukuza nao wana watoto. Mwenzake akainuka, akatoka nje, na sikumfuata kumrudisha. Tamthilia iliyoweza kuleta hilo siwezi kuiita ya kitoto.

Ndiyo maana nina hasira na kilichofuata. Bronwyn, mama aliyewaongoza wale wakimbizi wa Southlands, amekufa katikati ya misimu miwili. Tunakuja kumwona akiwa tayari anachomwa kwenye kuni za mazishi. Mwanae Theo anabaki Pelargir. Ni kijana wa umri wa hawa ninaokaa nao kila siku. Msimu unampa dakika chache, muda mwingi unaenda kwa Celebrimbor na karakana yake ya pete. Pete tunazijua. Mimi nilitaka kuona Theo analala wapi, nani anamgawia chakula, na akiulizwa kwao ni wapi anajibu nini.