Diwali ya Kericho Hupangwa kwa Saa

Mwaka 2024 India ilibishana kuhusu siku ya Diwali. Wako waliowasha taa Alhamisi, 31 Oktoba, na wako waliongoja Ijumaa, 1 Novemba, kila upande na kalenda yake na kuhani wake. Familia ya Kihindu iliyo Kericho, Kenya, haikuwa na haja ya kuingia kwenye ubishi huo. Amavasya, kipindi cha giza la mwezi, kilianza kwa saa zetu Alhamisi saa 7:22 mchana, kikaisha Ijumaa saa 9:46 alasiri. Puja, yaani ibada, ya mungu wa kike Lakshmi inataka giza hilo liwepo jua likishazama. Ijumaa jua lilipozama Kericho, yapata saa 12:25 jioni, amavasya ilikuwa imeondoka zaidi ya saa mbili zilizopita. Huko India, ambako saa inatangulia yetu kwa saa mbili na nusu, miji mingi ilifikiwa na machweo amavasya ingalipo, siku zote mbili. Kwetu hesabu ilitoa jibu moja: Alhamisi.

Wazazi wengi hupokea ratiba ya sikukuu kwa simu, kutoka kwa shangazi wa Ahmedabad au binamu wa Leicester, kisha hushangaa kwa nini watoto wanasinzia kabla ya taa kuwashwa. Leicester mwanzoni mwa Novemba jua huzama kabla ya saa 11 jioni; mtoto wa miaka minne anaona taa zote na bado anakula kwa wakati. Hapa karibu na ikweta jua halikubali kubembelezwa. Faida yetu ni kwamba giza likianza halikawii, na saa 1 kasorobo baraza limeshakuwa jeusi vya kutosha. Kwa hiyo kazi yote ya siku hupangwa kurudi nyuma kutoka saa hiyo, na katikati ya njia kuna mvua.

Mvua ya Kericho haihitaji utabiri. Upepo kutoka Ziwa Victoria hupanda milima alasiri, na kuanzia saa 8 au 9 mabati yanaanza kulia, mara nyingine kwa mvua ya mawe. Rangoli, pambo la unga na rangi, iliyochorwa barazani saa 7 inaweza kuwa uji saa 10. Ndiyo maana naona dawa ni kuichora ndani, nyuma ya kizingiti, na kuigawa kazi mara mbili. Asubuhi mkubwa anaweka nukta kwa chaki iliyoloweshwa maji, ambayo ikikauka inashika sakafu: moja, tatu, tano, saba, kisha kushuka tena mpaka moja. Nukta 25. Mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuziunganisha bila msaada. Jioni, unga wa mchele na rangi vinamwagwa juu ya mistari. Rangi ya kahawia ipo nyumbani tayari: chai ya daraja la Dust, ambayo punje zake ni laini na zinatiririka vizuri kati ya vidole. Majani makubwa yatamsumbua mtoto.

Taa ndizo zinazohitaji akili zaidi. Diya mpya ya udongo hunywa mafuta, kwa hiyo ilowekwe kwenye ndoo asubuhi kwa saa chache, kisha ianikwe. Matundu ya udongo yakijaa maji, mafuta yatabaki kwa ajili ya moto. Kazi hiyo wape watoto wadogo kabisa. (Wafinyanzi wa Nyakach, kule chini upande wa Sondu, wana udongo na mkono wa kuvifinyanga vitu hivi, ningeanza kwao kabla ya kuagiza Nairobi.)

Tatizo la kweli ni samli. Samli huyeyuka joto likikaribia nyuzi 35, na jioni ya Kericho iko chini ya hapo kwa mbali. Samli inakuwa imeganda kama nta. Ukiulaza utambi mrefu ukingoni mwa diya, kama inavyofanywa kwa mafuta ya maji, mwali unakaa mbali na samli: unaunguza ile iliyonyonywa, pamba inakuwa mkaa, taa inazima huku chombo kimejaa. Wagujarati wana utambi mwingine, phul vat, kibonge cha pamba chenye shina lililosimama katikati. Kichovye kwanza kwenye samli iliyoyeyushwa, kisha kisimamishe. Ukiwasha, mwali unatatarika kidogo, unainama, unapungua mpaka unadhani umeshindwa. Halafu duara dogo la samli kuzunguka shina linang'aa, linapanuka, na mwali unanyooka. Mwache mtoto alitazame hilo duara kabla hujamkimbiza kwenye taa inayofuata.

Diya zipangwe kwenye sinia lenye mchanga. Na hapa baridi yetu ina hatari ambayo ratiba za Gujarat hazina sababu ya kuitaja: watoto wamevaa sweta na skafu za polista, ambazo zikishika moto huyeyukia ngozini. Wavae shati la pamba au sweta la sufu, mikono imekunjwa, nywele zimefungwa.

Jikoni, mwinuko unaharibu hesabu za watu wa pwani. Kwenye mita 2,000 hivi maji huchemka karibu na nyuzi 93, kwa hiyo anayefuata kipimajoto cha kitabu kilichoandikwa usawa wa bahari atakausha shira yake mpaka iwe jiwe. Njia ya bibi ni bora: chukua tone kati ya kidole gumba na cha shahada, livute, uhesabu uzi. Shira si kazi ya mtoto. Kazi yake ni kukunja kingo za ghughra, zile nusu-mwezi za semolina na iliki, na zikitoka zimepinda zikaangwe hivyo hivyo.

Sahani zinazopelekwa kwa majirani nazo zina utaratibu. Jirani Mkipsigis aliyeokoka anaweza kusita kula chakula kilichotolewa mbele ya Lakshmi, na ana haki yake. Tenga sahani zake kabla ya puja, na mtoto anayezipeleka ajue kulisema hilo bila kuona haya. Kwa Masingasinga wa gurdwara ya Kericho hakuna ugeni: usiku huo huo wao huadhimisha Bandi Chhor Divas, kufunguliwa kwa Guru Hargobind kutoka ngome ya Gwalior.

Fataki sizipendi, na kisheria zinataka kibali. Mwaka 2025 Diwali iliangukia 20 Oktoba, Sikukuu ya Mashujaa, siku moja baada ya Raila Odinga kuzikwa Bondo, taifa likiwa bado kwenye maombolezo. Kurusha fataki usiku ule kungekuwa utovu wa adabu.

Mwaka 2026 mwezi unakamilisha giza lake Jumatatu, 9 Novemba, saa 4 asubuhi kwa saa zetu, kwa hiyo jioni yenye amavasya ni Jumapili tarehe 8. Wikendi nzima iko mkononi: ghughra Ijumaa, kwa kuwa zinakaa siku nyingi, nukta Jumapili asubuhi, na diya ndooni kabla ya chai ya saa 4.