Wavu chini ya taa: jinsi katamarani ya ndagala ilivyobuniwa

Katamarani ya kuvulia samaki wadogo waitwao ndagala, chombo cha kawaida katika fuo za Kalundu na Uvira kwenye Ziwa Tanganyika, ni mitumbwi miwili iliyofungwa sambamba kwa miti mirefu, na wavu mpana ukishushwa chini yake. Anayetaka kujifunza kufikiri kama mbunifu atafaidika kukichunguza, kwa kuwa karibu kila kipande chake kinajibu tatizo linalojulikana.

Kabla yake wavuvi walitumia lusenga, wavu wa mfuko wenye mpini mrefu. Usiku moto wa kuni uliwashwa kwenye mtumbwi, ndagala wakaufuata mwanga, mvuvi akawachota. Mpini haukuweza kuwa mrefu kupita nguvu za mikono, hivyo samaki waliobaki chini kidogo tu hawakufikiwa. Taa za karabai zilipochukua nafasi ya kuni, mwanga ulipenya zaidi na samaki wengi wakakusanyika, lakini lusenga ilibaki ileile. Kizuizi kilikuwa kimehama kutoka kwenye mwanga kwenda kwenye wavu, na kutambua uhamaji wa namna hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote katika kazi ya ubunifu.

Miaka ya 1950 majibu mawili yalijitokeza kaskazini mwa ziwa. Wavuvi Wagiriki wa Usumbura, Bujumbura ya leo, walileta wavu wa kuzungushia: meli ya chuma, mashua za taa na mabaharia wengi. Ulivua sana, ila ulidai mtaji ambao mvuvi wa kawaida hakuwa nao. Jibu la pili liliuliza swali jingine. Ikiwa samaki wanakuja wenyewe chini ya taa, kwa nini wazungukwe? Wavu ungeweza kuwangoja chini yao, kisha ukainuliwa.

Wazo hilo lilihitaji mdomo wa wavu ubaki wazi. Mtumbwi mmoja ni mwembamba mno, na wavu uliolowa ukivutwa upande mmoja, mtumbwi hulala. Mitumbwi miwili iliyoachana ilimaliza matatizo yote mawili kwa pamoja: nafasi kati yake ilitoa upana, na uzito ukagawanyika pande mbili. Miti iliyoiunganisha ikawa pia mahali pa kutundikia taa. Wakati wa kuinua, kamba za pembe zote lazima zivutwe kwa mwendo mmoja. Pembe moja ikichelewa, samaki humwagika upande huo. Kwa hiyo mpangilio wa watu ni sehemu ya chombo sawa na mbao zake.

Ziwa lenyewe lilisaidia. Kina chake kikubwa kabisa ni mita 1,470, lakini upande wa kaskazini oksijeni hukoma takriban mita 100 chini. Ndagala hushuka mchana na kupanda usiku ndani ya tabaka hilo la juu, basi wavu hauna haja ya kwenda mbali. Mwezi mpevu ndio adui. Mwanga wake huwatawanya samaki, na kazi husimama kwa takriban juma zima. Taa za betri, zinazopunguza gharama ya mafuta, hazijaondoa mapumziko hayo.

Miaka ya 1990 vyombo vikubwa zaidi viitwavyo apolo vilienea kutoka Burundi, vikiwa na taa nyingi na wavu mpana zaidi. Umbo halikubadilika, ukubwa tu uliongezeka, na hapo udhaifu wa mwanzo ukaonekana wazi: macho madogo ya wavu yanayomzuia ndagala humzuia pia mchanga wa samaki aitwaye mukeke, ambaye akikua huwala ndagala haohao. Macho yakipanuliwa, ndagala hutoroka. Tatizo hilo halina dawa ndani ya chombo, na nchi za ziwa zimelihamishia kwenye kalenda. Tanzania, kwa mfano, ilifunga uvuvi upande wake kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024.