Hati na Kauli: Uamuzi wa Mume na Mke katika Kazi Tatu za Nyanda za Juu za Kenya

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kenya ya Kati umezoea kuanzia nje ya nyumba. Huanzia msituni, kambini, kiwandani au katika mashamba ya walowezi, na yale yanayotokea jikoni na sebuleni huchukuliwa kuwa mandhari tu. Watoto wasome wapi, nani aende mjini kutafuta kazi na nani abaki na ng'ombe, fedha za viazi zilipe karo au zinunue mabati, wazazi watembelewe lini na kwa nauli gani: maswali kama haya huitwa mambo madogo, na mhakiki huyapita ili ayafikie yale anayoyaona kuwa mazito. Makala haya yanashikilia kwamba katika kazi kadhaa muhimu za eneo hili, uzito wenyewe umo katika maswali hayo, na kwamba kuyapita ni kuupita mhimili wa msuko.

Dai hilo linahitaji mahali pa kupimiwa. Endarasha, katika eneo la Kieni, Nyeri, panafaa. Ni mahali palipo kati ya safu ya Nyandarua na Mlima Kenya, katika nchi ambayo ilikuwa mikononi mwa walowezi wa Kizungu na ambayo iligawiwa wakulima wadogo wakati wa uhuru na baada yake. Familia iliyohamia huko haikurithi shamba la babu. Ilipata kipande chenye namba na, baadaye, hati yenye jina. Kwa kawaida jina hilo lilikuwa la mume. Hivyo basi, tangu mwanzo, maisha ya ndoa katika sehemu kama hii yamekuwa na pande mbili zisizolingana: kauli inayotoka kwa watu wawili, na hati inayomtaja mmoja. Hakuna hata moja kati ya kazi zitakazojadiliwa hapa iliyowekwa Endarasha. Hata hivyo, kila moja inagusa mvutano huo ambao wakazi wa Endarasha wanaufahamu vyema.

Kwa ajili ya uchambuzi, uamuzi wa nyumbani utagawanywa katika hatua tatu: kuanzisha shauri, kupiga hesabu, na kutia sahihi. Swali litakaloulizwa kwa kila kazi ni hili: hatua hizo zimegawanywaje kati ya mume na mke, na ni hatua ipi ambayo mwandishi hakutuonyesha?

Nitaolewa Nikipenda: hesabu iliyofanywa na jirani

Tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, iliyoigizwa kwa Kikuyu huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwaka 1977 na kuwafikia wasomaji wa Kiswahili mwaka 1982 kwa jina la Nitaolewa Nikipenda, imesomwa hasa kama tamthilia ya mgogoro wa kitabaka. Usomaji huo ni sahihi, na historia yake inauunga mkono: maonyesho yalipigwa marufuku mwaka huohuo wa 1977, na kabla ya mwaka kwisha Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Lakini tamthilia haianzi kwa mgomo wala kwa hotuba. Inaanza nyumbani: mume anatengeneza kiti, mke anatayarisha chakula, na wote wawili wanawasubiri wageni. Ukutani imetundikwa hati ya ekari moja na nusu.

Wageni hao ni Kĩoi, tajiri anayemwajiri Kĩgũũnda, pamoja na wenzake. Wanachokileta si amri bali ushauri: Kĩgũũnda na Wangeci wafunge ndoa ya kanisani, kwa sababu ndoa yao ya kimila haitoshi machoni pa waumini. Kĩgũũnda anaupokea ushauri huo kwa hasira. Wangeci anauona kwa jicho jingine. Binti yao, Gathoni, ana uhusiano na mwana wa Kĩoi, na kwa Wangeci arusi ya wazazi inaweza kuwa mlango wa arusi ya mtoto. Shauri linageuka. Ardhi inawekwa rehani, vitu vya arusi vinanunuliwa, kisha Gathoni anakataliwa akiwa mjamzito, Kĩgũũnda anapoteza kazi, na ardhi inapotea.

Ni rahisi kumlaumu Wangeci, na ni rahisi vilevile kumtetea kwa kusema kwamba wote wawili walinaswa na mfumo. Majibu yote mawili yanakwepa kuuangalia uamuzi wenyewe. Wangeci hakuwa mjinga. Alisoma dalili alizokuwa nazo: ziara ya tajiri katika nyumba ya maskini si jambo la kawaida, na mama mwenye binti lazima aitafutie maana. Kasoro iko katika hatua ya pili. Shauri limeanzishwa na Kĩoi. Sahihi itakuwa ya Kĩgũũnda, kwa kuwa hati ni yake. Ila hesabu ya mkopo, yaani kiasi gani, kilipwe kwa mshahara upi, na itakuwaje mshahara huo ukikoma, haifanywi na yeyote ndani ya nyumba. Imekwisha kufanywa na mtu aliye mwajiri na mpatanishi wa mkopo kwa pamoja.

Kuna ndoa nyingine katika tamthilia hii ambayo wahakiki huitaja kwa haraka: ya Gĩcaamba na Njooki. Wao ndio wanaowaonya majirani zao, na maneno yao yana mwanga wa kisiasa ambao wengine hawana. Hata hivyo wanasimama jukwaani wakiwa wamekwisha kukubaliana. Mtazamaji anapata ndoa moja inayoamua vibaya na nyingine yenye hekima, lakini hapati ndoa inayojadiliana hadi kuifikia hekima hiyo. Umoja wa Gĩcaamba na Njooki ni matokeo ambayo mchakato wake haukuonyeshwa.

Whispers: mwenye kalamu na mwenye kauli

Wahome Mutahi, aliyezaliwa Nyeri mwaka 1954 na kufariki mwaka 2003, aliandika riwaya na michezo ya kuigiza, lakini wasomaji wengi walimjua kwa safu yake ya Jumapili, Whispers, iliyoanza kutokea magazetini mwanzoni mwa miaka ya 1980. Safu hiyo iliandikwa kwa Kiingereza kilichochanganywa kwa makusudi na Kiswahili na Kikuyu. Msimulizi wake ni mume na baba anayeishi Nairobi, ambaye moyo na mama yake, Appepklonia, wako kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Mke anaitwa Thatcher, jina lililochukuliwa kwa waziri mkuu wa Uingereza wa miaka ya 1979 hadi 1990. Binti anaitwa Investment, kana kwamba ni mtaji utakaoleta faida siku ya mahari.

Hakuna kazi nyingine ya eneo hili iliyoyapa mambo ya nyumbani nafasi kubwa hivyo kwa muda mrefu hivyo. Mshahara, pombe, karo, safari za kwenda ushago, wageni wasioalikwa, mavazi ya mabinti: juma baada ya juma, uamuzi wa familia ndio uliokuwa msuko. Wahakiki, akiwemo George Ogola, wameonyesha jinsi nyumba hiyo ilivyotumiwa kuizungumzia dola katika enzi ambayo kuizungumzia waziwazi kulikuwa hatari. Mutahi mwenyewe alikamatwa mwaka 1986 na kufungwa, na tajiriba hiyo ndiyo chimbuko la Three Days on the Cross (1991) na Jail Bugs (1992).

Lakini nyumba haipaswi kusomwa kama fumbo la dola pekee. Ikisomwa kama nyumba, inadhihirisha mgawanyo wa pekee: mume ana kalamu, mke ana kauli. Whispers hujigamba kuwa mkuu wa boma. Thatcher ndiye anayejua fedha zimebaki ngapi. Kinaya cha safu kinazaliwa katika pengo hilo. Msomaji humcheka mwanamume ambaye mamlaka yake yamebaki kwenye usimulizi tu.

Inaweza kusemwa kwamba huo ni ushindi wa mwanamke, kwa kuwa anayechekwa ni mume. Hoja hiyo ina nguvu, na inaeleza kwa nini safu ilipendwa na wasomaji wa jinsia zote mbili. Ila ni ushindi wenye mpaka. Kwa kuwa msimulizi ni mume, uamuzi wa Thatcher hutufikia kama tukio linalompata yeye: mlango uliofungwa, fedha zilizofichwa, amri iliyotolewa. Kazi ya akili iliyoutangulia uamuzi huo haina nafasi katika usimulizi wa aina hii. Mwanamke anayegawa mshahara usiotosha anaonekana mkali, hata jina lake ni la ukali, ilhali angeweza kuonekana kama mtu anayefanya hesabu ngumu usiku wakati wengine wamelala. Mutahi alimpa Thatcher hatua ya tatu, lakini ile ya pili ikabaki nje ya ukurasa.

Natala: hesabu ya mtu mmoja

Tamthilia ya Kithaka wa Mberia, Natala (1997), iliyoandikwa moja kwa moja kwa Kiswahili na mwandishi mwenye asili ya Tharaka, mashariki mwa Mlima Kenya, inaligeuza tatizo. Mume, Tango, anaripotiwa kuwa amekufa. Shemeji, Wakene, anataka kumrithi mjane pamoja na shamba. Natala anakataa. Hati ya shamba, ambayo katika Nitaolewa Nikipenda ilitundikwa ukutani kama picha ya kujivunia, hapa inakuwa kitu cha kulindwa.

Katika kazi hizi tatu, ni hapa tu ambapo mwanamke anaonekana akipima: faida ya kukubali, gharama ya kukataa, ni nani atakayesimama naye na ni nani atakayemgeuka. Kwa sababu hiyo Natala amesifiwa, kwa haki, kama mmoja wa wahusika wa kike wenye msimamo thabiti zaidi katika tamthilia ya Kiswahili ya Kenya. Hata hivyo sharti la uwezo wake ni kutokuwepo kwa mume. Ni kana kwamba fasihi hii inaweza kumwazia mwanamke anayepiga hesabu na kutia sahihi iwapo tu kiti cha pili mezani ki tupu. Tango anarudi akiwa hai, lakini kurudi kwake kunafumbua msuko bila ya kufungua swali jipya: mume aliyerudi na mke aliyejifunza kuamua peke yake wataanzaje tena kuamua pamoja?

Sheria imetangulia

Wakati fasihi ikisita hapo, sheria ilisonga mbele. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967 iliyaweka mauzo na rehani za mashamba chini ya idhini ya bodi. Baada ya Katiba ya 2010, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 ilitaka rehani ya nyumba ya ndoa iwe na idhini ya mwenzi, na Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 ikafuata. Leo benki haiwezi kuipokea nyumba ya Kĩgũũnda kwa sahihi ya Kĩgũũnda peke yake.

Je, hilo lingemwokoa? Jibu la uaminifu ni kwamba Wangeci naye angetia sahihi. Alikuwa na sababu zake, na zilikuwa za mama anayempenda mtoto. Hapa ndipo hoja ya makala haya inapokamilika. Sheria inaweza kuigawa hatua ya tatu kwa watu wawili, lakini haiwezi kuwakalisha mezani kufanya ile ya pili. Kuionyesha meza hiyo, na yanayosemwa na yanayonyamaziwa hapo, ni kazi ya fasihi, na ndiyo kazi ambayo Gĩcaamba na Njooki, Whispers na Thatcher, Tango na Natala wanatuachia bila ya kuikamilisha.

Hitimisho

Upungufu huu si wa kifani tu. Usiku wa Septemba 5, 2024, bweni la wavulana katika shule moja ya msingi ya bweni huko Endarasha liliteketea, na wanafunzi 21 wakafa. Maafa hayo si mfano wa kupambia hoja, na hakuna haki ya kuyatafutia lawama katika nyumba za waliofiwa. Wajibu wa kuwalinda watoto walio bwenini haukuwa wa wazazi waliokuwa nyumbani. Kinachopasa kusemwa ni kwamba nyuma ya kila kitanda katika bweni lolote la nchi hii kuna shauri la nyumbani: umbali wa shule ya kutwa, saa za kukamua, kazi ya mzazi iliyo mjini, matumaini ya matokeo bora, karo inayowezekana. Shauri hilo lilianzishwa na mtu, likapigiwa hesabu, likaamuliwa. Uhakiki unaoliita jambo dogo hauna maneno ya kuwakabili wazazi hao.

Kazi tatu zilizochambuliwa zimetupa hati ukutani, kalamu mkononi mwa mume na hesabu ya mke aliyeachwa peke yake. Bado tunasubiri tamthilia au riwaya ya Kiswahili kutoka miteremko hii itakayowaweka mume na mke wakiwa wote wawili hai, wote wawili wana akili, na fedha mezani hazitoshi, kisha ikae nao hadi waamue. Wakikosea, wakosee pamoja, na msomaji ajue walivyofikiri.