Kusita na Shingo Upande: Tatizo la Kisawe katika Kumtafsiri Shakespeare

Katika Tendo la Kwanza la tamthilia ambayo Julius Nyerere aliitafsiri mwaka 1963, na kuichapisha upya mwaka 1969 kwa jina la *Juliasi Kaizari*, Casca anasimulia jinsi Kaizari alivyolikataa taji mara tatu. Kwa maoni ya Casca, vidole vilikuwa vizito kuliachilia. Mfasiri yeyote wa kauli hiyo hukabiliwa na chaguo: kusita au shingo upande?

Dhana hizi hukaribiana, lakini si visawe. Anayesita hajaamua; atendaye shingo upande ameamua, ila hutenda kinyume cha moyo wake. Mkulima wa Bongwe, Kwale, auzaye shamba lake la minazi shingo upande hasiti: hataki, ila hana budi.

Tofauti hii inagusa maudhui ya tamthilia nzima. Kaizari akisita tu, hadhira itamwona Brutus kuwa muuaji wa mtu asiyeutaka ufalme. Akikataa shingo upande, uchu wake umefichuka, na hoja ya wauaji inapata mashiko. Hapa kutotaka kuachia ndiko kutaka kwenyewe. Kwa hiyo, kabla ya kutafuta kisawe, mfasiri hana budi kuuliza mhusika anataka nini.