Fomu Kabla ya Bango

Ukitaka kumwona mbunge wa jimbo la Illinois kikao kikiendelea, kelele hazikusaidii. Unaandika kikaratasi, unampa bawabu wa ukumbi pale Springfield, kisha unasubiri mlangoni. Akitoka, pengine utapata dakika mbili, tena za kutembea naye. Mafunzo ya utetezi wa nishati safi jimboni humo hupimwa kwa dakika hizo.

Kwa nini jimboni, si Washington? Kwa sehemu kubwa, majimbo ya Marekani ndiyo huamua kampuni za umeme zinunue kiasi gani cha umeme wa jua na upepo. Illinois ilishapitisha sheria moja mwaka 2016. Mwaka 2018 muungano wa Illinois Clean Jobs Coalition ulirudi kwa wananchi kuwasikiliza kabla ya kuandika mswada mwingine. Hapo walifanya jambo la busara. Mtu wa Little Village, Chicago, ambako mtambo wa makaa ya mawe wa Crawford ulifungwa mwaka 2012 baada ya wakazi kupambana kwa miaka, humwonyeshi slaidi za madhara ya moshi. Unamuuliza anataka nini.

Kinachofundishika ni milango ya bunge, na mlango ninaoupenda ni fomu ya shahidi. Ipo kwenye tovuti ya bunge. Unajaza jina, anwani na unayemwakilisha. Unachagua: unaunga mkono, unapinga, au huna msimamo. Mwisho unasema kama utazungumza mbele ya kamati, utaleta maandishi, au unataka jina lako liingie tu kwenye kumbukumbu. Ni kazi ya dakika chache, ila ina mtego: fomu hiyo ni ya kikao kile na toleo lile la mswada. Marekebisho yakiletwa jioni, fomu uliyojaza asubuhi haihesabiwi kwa marekebisho hayo. Kwa hiyo mkufunzi anayejua kazi yake huanza na namba ya marekebisho, ndipo aonyeshe pa kubofya.

Somo la kusimulia halinivutii sana. Mbinu ya Marshall Ganz wa Harvard, yaani hadithi yangu, yetu na ya sasa, imeenea kwenye vikundi vya vijana. Ni nzuri, lakini wengi hunogewa na ile ya kwanza. Bibi alikuwa na pumu, mto ulikuwa mchafu, na mbunge kashafika kwenye lifti bila kuombwa kura.

Na mswada wenyewe? Mei 2021 kikao cha kawaida cha bunge kilimalizika ukiwa umekwama, vyama vya wafanyakazi na wanamazingira wakivutana juu ya mitambo ya makaa. Wakati huohuo kampuni ya umeme ya Exelon ilikuwa imetangaza kuanza kufunga mtambo wake wa nyuklia wa Byron Septemba 13, mswada usipopita. Seneti ilipitisha mswada siku hiyohiyo, na gavana J.B. Pritzker akausaini Septemba 15. Ikawa sheria: umeme wa jimbo uwe bila kaboni ifikapo 2045. Mitambo ya nyuklia ipewe karibu dola milioni 700.

Anayesema wanafunzi wa mafunzo hayo ya utetezi ndio walioisukuma sheria hiyo anatia chumvi. Saa ya Byron ilisukuma zaidi. Ila saa haikuandika vifungu vya vituo vya kufundisha kazi kwa mitaa iliyosahaulika. Hivyo vilikuwamo tayari katika mswada wa muungano wa mwaka 2019.