Sumaku na Waya: Mlango wa Einstein
Vitabu vingi hueleza nadharia ya uhusianifu kwa mfano wa gari-moshi liendalo karibu na mbio za nuru. Mwanafunzi wa Malindi huidhania ngano. Einstein mwenyewe, katika makala yake ya mwaka 1905, alianza na sumaku na waya. Sogeza sumaku kwenye waya uliozungushwa, umeme hupita. Itulize sumaku, usogeze waya kwa mwendo ule ule, umeme hupita kadiri ile ile. Hata hivyo wataalamu wa wakati ule walitoa sababu mbili kwa tukio moja. Einstein hakuridhika: chenye maana ni mwendo wa kimoja kwa kingine. Jaribu jahazini, likipita Ngomeni kwa mwendo usiobadilika: jibu ni lile la nchi kavu. Mbele makala ina hesabu ngumu, lakini mlango wake u wazi. Vitabu hivyo vimekosea kuufunga.